Masafa au darasani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubora wa shahada

Maswali haya ni yale ambayo waombaji wa Dodoma na Singida huyarudia kila dirisha la udahili linapofunguliwa: walimu wa Kongwa na Mpwapwa wanaotaka shahada bila kuacha kituo cha kazi, watumishi waliohamia mjini pamoja na wizara zao, wazazi wa vijana waliotoka kidato cha sita. Anayejibu amefundisha pande zote mbili, masafa na darasani, na ana msimamo wake, ambao ameuweka wazi pale unapohusika. Si lazima usome yote. Jibu linalotegemea jingine limetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Elimu ya masafa ndiyo hiyo ya mtandaoni?

Hapana, ingawa siku hizi viwili hivyo huenda pamoja. Elimu ya masafa ni mpango ambao mwalimu na mwanafunzi hawaonani kwa sehemu kubwa ya masomo, na mtaala, vitini na mitihani vimeandaliwa kwa kulijua hilo tangu mwanzo. Chombo kinachobeba masomo hubadilika tu. Chuo Kikuu cha London kilianza kutahini watu waliosoma nje ya kuta zake mwaka 1858, enzi za barua. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kiligeukia masafa mwaka 1946, na ndicho kilichompa Nelson Mandela shahada ya sheria mwaka 1989 akiwa bado kifungoni. Open University ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, ikitumia posta pamoja na vipindi vya redio na televisheni.

Kwetu Tanzania mfano mkubwa haukuwa hata wa chuo kikuu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi iliamua kila mtoto aingie darasa la kwanza, na walimu hawakutosha. Makumi ya maelfu ya vijana waliandaliwa kuwa walimu wakiwa hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliopita kuwakagua, huku wakifundisha. Watu wengi waliojifunza kusoma na kuandika miaka ile walifundishwa na walimu hao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikuja baadaye, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kikaanza kazi mwaka 1993.

2. Hapa Dodoma nina machaguo gani?

Kwa darasani kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilichoanzishwa mwaka 2007 kule Chimwaga. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa Anglikana, cha mwaka huohuo, katika eneo la iliyokuwa sekondari ya Mazengo. Chuo cha Mipango. Na kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE. Kwa masafa kuna Chuo Kikuu Huria, ambacho makao yake makuu yapo Kinondoni, Dar es Salaam, na kina vituo vya mikoa, Dodoma na Singida vikiwemo.

Madarasa ya jioni ya watumishi yanahesabiwa upande wa darasani. Saa zake ni rafiki kwa mfanyakazi, lakini unatakiwa uwepo, na ukihamishiwa Manyoni katikati ya muhula umekwama.

3. Shahada ya masafa ina hadhi sawa na ya darasani?

Ndiyo. Vyuo vyote vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na programu za pande zote mbili hupimwa kwa mfumo mmoja wa sifa. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Sifa ya chini ya kuingia ni ileile: kwa aliyetoka kidato cha sita, ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1; kwa mwenye stashahada, GPA, yaani wastani wa alama zake, ya angalau 3.0. Kozi nyingine huomba zaidi ya hapo. Hata madaraja ya kuhitimu hayatofautiani: daraja la kwanza ni GPA ya 4.4 hadi 5.0 kote kote.

Zingatia hizo saa 10, kwa sababu swali la 12 linasimama juu yake. Si saa 10 za kumsikiliza mhadhiri. Ndani yake kuna mhadhara, kusoma peke yako, kuandika kazi, kujiandaa na mtihani na mtihani wenyewe. Aliyekaa ukumbini Chimwaga na aliyekaa na kitini nyumbani Itigi wote wanadaiwa saa hizohizo. Wanatofautiana namna ya kuzitumia.

## Ubora

4. Bila kuzunguka: ipi ni bora?

Kwa wastani, hakuna. Mwaka 2004 Robert Bernard na wenzake wa Kanada walikusanya matokeo ya tafiti 232 zilizolinganisha njia hizi mbili, na tofauti ya ufaulu, kwa wastani, ilikuwa karibu na sifuri. Nyuma ya wastani huo, hata hivyo, walikuta mtawanyiko mkubwa: zipo kozi za masafa zilizoyaacha madarasa mbali, na zipo zilizoachwa mbali na madarasa. Aliyekwambia masafa ni duni ameona za aina ya pili. Aliyekwambia ni bora ameona za aina ya kwanza. Wote wawili wanasema kweli kuhusu walichokiona.

Mwaka 2010 ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliwaweka wanafunzi wa mtandaoni mbele kidogo, na waliochanganya mtandao na darasa mbele zaidi. Waandishi wake walitoa tahadhari wenyewe: waliochanganya mara nyingi walipata muda na vifaa vya ziada. Hilo linaenda sambamba na hoja aliyoitoa Richard Clark wa Marekani tangu mwaka 1983, kwamba chombo hakimfundishi mtu. Kinachomfundisha ni mpango wa ufundishaji uliomo ndani ya chombo hicho.

Lakini wastani huficha watu. Tafiti kadhaa za Marekani kuhusu kozi za mtandaoni zimeonyesha kwamba wanaoumia zaidi wakiondolewa darasani ni wale walioingia na alama dhaifu. Mwanafunzi mwenye msingi mzuri hatikisiki sana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ipi ni bora, jiulize unaingia na msingi gani. Msimamo wangu kwa kijana umo kwenye swali la 15.

5. Nitajuaje kwamba kozi fulani, ya masafa au ya darasani, ni nzuri?

Tazama kazi ya mwanafunzi inarudi na nini. Kama una nafasi ya kuuliza jambo moja tu, uliza hilo.

Chukua zoezi la kurasa nne kuhusu sheria ya ardhi. Linaweza kurudi na "56" kwa wino mwekundu, wiki mbili baada ya mtihani wa mwisho. Linaweza pia kurudi ndani ya wiki tatu, pembeni pameandikwa: "Umetaja hati miliki lakini kesi yako inahusu ardhi ya kijiji, rudi kwenye sheria inayohusika uandike aya hii upya." Mwanafunzi wa kwanza amepimwa. Wa pili amefundishwa, hata kama hajawahi kuuona uso wa mwalimu wake. Michael Moore, mmoja wa wanadharia wakubwa wa elimu ya masafa, alisema umbali unaodhuru elimu hauhesabiwi kwa kilomita, bali kwa uhaba wa mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mimi naamini hivyo kabisa. Kijana aliyekaa safu ya mwisho ya ukumbi wenye mamia ya watu, anayesikia pindi (mhadhara) kwa spika mbovu kisha anategemea desa (nukuu za kunakili) la mwaka juzi, anasoma kwa masafa bila vifaa vya masafa.

Basi nenda kwenye chuo au kituo kabla ya kulipa. Omba kuona zoezi lililosahihishwa, jina likiwa limefichwa. Uliza nani anasahihisha, anasahihisha kazi za watu wangapi, na matokeo huchukua muda gani. Fungua kitini uangalie mifano ya ndani ni ya mwaka gani. Kitini cha uhasibu chenye viwango vya kodi vilivyokwisha kubadilishwa kinakwambia mengi. Halafu mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado ana hamasa, na mhitimu ameshasahau maumivu. Wa mwaka wa pili atakwambia kama simu hupokelewa, na kama alama za kozi weki (mazoezi na majaribio ya muhula) hupotea.

Usidanganyike na majengo, wala na mfumo wa mtandaoni wenye rangi nzuri. Niliwahi kuona mfumo wa kisasa ambamo maswali ya wanafunzi yalikaa muhula mzima bila jibu hata moja. Ule haukuwa ufundishaji.

6. Mbona wengi wanaoanza masafa hawamalizi?

Hapa ndipo elimu ya masafa ina udhaifu wa kweli, na anayeitetea bila kulitaja hili anakupotosha. Duniani kote vyuo huria hupoteza wanafunzi wengi njiani kuliko vyuo vya darasani. Uingereza ipo hivyo, Afrika Kusini ipo hivyo, na sisi tupo hivyo.

Sababu yenyewe mara chache ni ugumu wa masomo. Mwanafunzi wa masafa ni mtu mzima mwenye kazi, ndoa, watoto, shamba na misiba. Mvua za kanda ya kati huja mara moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, na mwalimu wa Bahi mwenye ekari zake za mpunga hawezi kuuambia udongo usubiri. Akiruka mazoezi mawili, anaona aibu kumpigia mwalimu. Akiruka muhula, anajiambia atarudi mwakani. Hakuna anayembishia hodi. Wa darasani akikosa siku tatu, mwenzake wa geto atamuuliza kulikoni.

Kwa hiyo ukilinganisha vyuo, usitazame tu waliohitimu wana nini kichwani. Uliza pia, kati ya walioanza, ni wangapi walifika mahafali, na chuo hufanya nini mtu anapokaa kimya. Kituo ambacho mratibu wake hupiga simu kwa aliyepotea miezi miwili ni kituo bora kuliko chenye kompyuta mpya.

Na upande wako: usianze peke yako. Watafute wenzako wawili au watatu wa kozi ileile, wilaya ileile ikiwezekana, mkutane kila baada ya wiki mbili hata kama hamjasoma kitu. Wengi ninaowafahamu waliomaliza kwa wakati walikuwa na kikundi.

7. Mitihani ya masafa si rahisi? Na watu hawaibi?

Mitihani ya mwisho ya Chuo Kikuu Huria hufanyika chini ya wasimamizi katika vituo, kwa kitambulisho, kama mtihani mwingine wowote. Ugumu wake wanaujua waliopata sapu, yaani waliolazimika kurudia mtihani. Tena mwanafunzi wa masafa hana faida moja kubwa ya darasani: hajamsikia mhadhiri akirudia mada ileile mara tatu, akadokeza kwamba ni muhimu.

Palipo dhaifu ni kwenye kazi za kuandika nyumbani, na udhaifu huo ni wa pande zote mbili. Watu wa kuandikiwa kazi wapo karibu na kila chuo, na sasa akili unde inaandika insha nzima kwa dakika moja. Dawa yake haitegemei njia ya kusoma: mwalimu anayemjua mwanafunzi wake, maswali yanayodai mfano wa mahali ulipo, na mahojiano mafupi ya mdomo baada ya kazi kuwasilishwa. Uliza kama chuo kinafanya hivyo.

8. Nilisoma kwa simu wakati wa korona na sikuelewa kitu. Masafa ndiyo hayo?

Siyo. Vyuo vilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo. Kilichofanyika katikati, hapa na nje ya nchi, kilikuwa mhadhara wa darasani uliokimbizwa kwenye simu bila maandalizi. Kozi ya masafa inayostahili jina hilo huandaliwa kwa miezi mingi kabla mwanafunzi wa kwanza hajajisajili. Usiihukumu kwa kipindi kile.

## Kozi na ajira

9. Kozi zipi hazifai kusomwa kwa masafa?

Zile ambazo kosa la mkono linaua au linabomoa. Udaktari, uuguzi na sehemu kubwa ya uhandisi zinahitaji wodi, maabara, karakana na mtu aliyesimama nyuma yako. Nadharia ya fiziolojia unaweza kuisoma popote. Kutoboa mshipa huwezi. Sayansi za maabara zipo katikati: zinawezekana kwa masafa pale tu ambapo chuo kina makubaliano ya kweli na maabara ya kukupokea kwa wiki kadhaa, na unatakiwa uyaone makubaliano hayo, si kuahidiwa.

Ualimu, sheria, utawala, uhasibu, lugha, sosholojia na mipango vinakubali masafa vizuri. Kwa ualimu naenda mbali zaidi. Mwalimu aliye kazini anayesoma kwa masafa ana darasa la kujaribia Jumatatu kile alichosoma Jumapili, jambo ambalo kijana wa darasani hulisubiri hadi kipindi cha mafunzo kwa vitendo. Mafunzo hayo yapo kwenye masafa pia, na mkaguzi lazima afike shuleni kwako.

10. Waajiri wanazipokea sawa?

Kwenye utumishi wa umma, tangazo la kazi hutaja shahada na chuo kinachotambulika, na usaili wa maandishi ni uleule kwa kila aliyeitwa. Bodi za taaluma ni hivyohivyo. Anayetaka CPA, sifa ya uhasibu wa kitaaluma, anafanya mitihani ileile ya NBAA, bodi ya wahasibu, na mwenye shahada ya sheria anayetaka uwakili anapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) bila kujali alisoma wapi. Ukitaka kulinganisha ubora kwa haki, mitihani hiyo ya pamoja ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu haitungwi na chuo chako.

Kwenye kampuni binafsi upendeleo bado upo, na ni vizuri uujue. Wapo maofisa wanaodhani masafa ni njia ya waliokosa nafasi. Wenye hoja nzito zaidi kuliko hao ni wanaouliza umeongoza nini, umeshirikiana na nani. Kijana wa darasani hujibu kwa serikali ya wanafunzi na vilabu. Wewe jibu kwa kazi uliyokuwa ukifanya wakati unasoma. Kusimamia ghala la kijiji huku ukipata GPA ya 3.6 ni jambo ambalo wa darasani wachache wanaweza kulisema.

## Pesa na muda

11. Ipi ni nafuu?

Watu hulinganisha ada na kuishia hapo. Ada ni sehemu ndogo. Kwa darasani ongeza kodi ya geto Ng'hong'hona au Makulu, chakula, nauli, na, kwa aliyeajiriwa, mshahara anaoukosa akienda bila malipo. Hiyo ya mwisho huzidi nyingine zote. Kwa masafa ongeza bando, kompyuta au simu inayofungua faili kubwa, kuchapisha vitini, nauli na malazi wakati wa mitihani kwa anayetoka mbali.

Kisha kuna gharama isiyoandikwa kwenye fomu, nayo ni miaka. Mtu aliyemaliza masafa kwa miaka saba amechelewa kubadilishiwa muundo wa mshahara kwa miaka minne kuliko aliyemaliza kwa mitatu. Piga hesabu hiyo kabla ya kusema masafa ni rahisi mfukoni. Kwa mwenye ajira bado mara nyingi hubaki nafuu. Kwa asiye na ajira, hesabu inaweza kugeuka.

12. Nafanya kazi Mtumba, nina mtoto mdogo. Muda utatosha?

Rudi kwenye saa za swali la 3. Mwaka kamili una krediti 120, yaani saa 1,200. Ukisoma wiki 48 za mwaka, ni saa 25 kila wiki. Mtu anayetoka nyumbani Nkuhungu alfajiri na kurudi jioni hana saa 25, na anayekwambia anazo hajazipima.

Nusu ya mzigo inawezekana: saa 12 na nusu kwa wiki, kwa miaka sita. Ni saa mbili kila siku ya kazi mtoto akishalala, na mbili na nusu Jumamosi. Masafa yanakuruhusu kwenda kwa mwendo huo. Darasani kwa kawaida hakukuruhusu. Ninawashauri watumishi wengi waanze kwa nusu, wapime muhula mmoja, ndipo waongeze. Wanaojisajili kozi zote mwaka wa kwanza kwa kuona haya ya kuchelewa ndio hao wa swali la 6.

Zungumza na mwenzi wako kabla, kwa saa na siku, si kwa jumla. "Jumamosi asubuhi sipo kwa mtu" ni makubaliano. "Nitakuwa nasoma kidogo" haimsaidii mtu yeyote kupanga.

13. Vipi kuhusu mkopo?

Bodi ya Mikopo hutoa mwongozo kila mwaka, bure, na masharti hubadilika. Soma wa mwaka wako wewe mwenyewe, si maelezo ya rafiki aliyepata boom (fedha za mkopo) miaka mitatu iliyopita. Mwenye mshahara asijenge mpango wake wote juu ya mkopo.

## Mazingira na hali za pekee

14. Nipo kijijini, mtandao ni wa kupanda mlimani. Nifanye nini?

Chukua vitini vya karatasi vyote mwanzoni mwa muhula. Kwa mengine, panga siku moja ya mtandao kwa wiki: wengi wa Chemba na Kondoa huifunga na siku ya mnada, wanashuka mjini, wanapakua kila kitu, wanatuma kazi za wiki na kurudi. Andika kazi nje ya mtandao, tuma ukifika. Na mwambie mwalimu wako mapema kwamba unapatikana siku hiyo tu. Mwalimu asiyejua atadhani umeacha.

Kabla ya kujisajili, uliza kama kozi ina majaribio ya mtandaoni yenye saa maalumu. Kama yapo na huna njia ya kufika mjini siku hiyo, kozi hiyo kwako haina ubora, hata isifiwe vipi.

15. Mwanangu amemaliza kidato cha sita. Nimpeleke wapi?

Darasani, kama uwezo upo. Nasema hivi nikijua nitawaudhi wenzangu wa masafa. Kijana wa miaka 19 au 20 bado anajifunza kujipangia siku, na ratiba ya chuo humsaidia kulijua hilo. Anapata pia maktaba, mabishano ya usiku na rafiki wa Mbeya na wa Pemba watakaofaana naye miaka 30. Na kama alama zake ni dhaifu, yale ya swali la 4 yanamhusu moja kwa moja.

Kama uwezo haupo, masafa ni bora kuliko kukaa nyumbani, kwa sharti awe na kazi au shughuli yenye saa zake, na mtu mzima anayemuuliza kila Jumapili amesoma nini.

16. Nilidisko darasani, yaani niliondolewa chuoni kwa matokeo mabaya. Naweza kuhamia masafa?

Unaweza kuomba. Matokeo yako ya kidato cha sita hayafutwi na disko. Peleka matokeo ya kozi ulizofaulu, uulize chuo kipya kama kuna zinazoweza kuhesabiwa. Sema ukweli kwenye maombi, kwa sababu majina ya waliodahiliwa hupitia TCU. Na uwe wazi kuhusu kilichokuangusha. Kama ni ada au ugonjwa, masafa yanaweza kukufaa sana. Kama ni kutokusoma, masafa yatakuangusha haraka zaidi.

17. Chuo cha nje ya nchi kinanipa shahada yote mtandaoni. Nikubali?

Uliza TCU kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu. Tume ndiyo hutambua tuzo za nje na kupima ulinganifu wake, na bila hilo shahada yako haikufikishi kwenye ajira ya umma. Hakikisha kwanza chuo kinatambulika na mamlaka ya nchi yake kilipo. Kikikupa shahada kwa "uzoefu wa maisha", au kikiahidi kumaliza ndani ya wiki chache ukilipa yote kwa mkupuo, achana nacho.

18. Nina ulemavu wa macho. Wapi nitahudumiwa vizuri zaidi?

Inategemea faili. Kitini kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hakisomeki na programu ya kusoma maandishi kwa sauti; kilichochapwa kinasomeka. Omba kitini kimoja, kijaribu kwenye simu yako kabla ya kujisajili. Kwa masafa unaepuka kutembea umbali mrefu kati ya majengo ya kampasi kubwa, lakini unakosa mwenzako wa kukusomea ubaoni. Uliza pia kuhusu muda wa ziada na maandishi ya nukta nundu au msomaji kwenye mtihani, uandikiwe jibu kwa barua. Kwa kiziwi swali ni jingine: darasani kuna mkalimani wa lugha ya alama, na mihadhara iliyorekodiwa ina maandishi chini?

19. Nilianza masafa, nikasimama miaka miwili. Nirudi au niombe upya darasani?

Nenda kituoni na namba yako ya usajili. Ulizia kama usajili bado ni hai, kozi zipi ulizofaulu bado zinahesabiwa, na kama mtaala umebadilika tangu usimame, maana ukibadilika kozi nyingine hufutwa au kuunganishwa.

Ukiwa umevuka nusu, rudi ulipoanzia. Ukiwa na kozi mbili tatu tu, kuomba upya hakukupotezei kitu, ila kumbuka kwamba kama ulisimama kwa kukosa muda, darasani kutadai muda zaidi. Ukirudi, jisajili kozi mbili muhula wa kwanza, mojawapo iwe ile uliyoikaribia kufaulu, na mpigie mwalimu wake wiki hiyohiyo umweleze ulipokomea.